Kabla ya Kuisifu Mashine, Uliza Kiyeyushi

Kidonge kimoja cha mseto, kile ambacho mgonjwa wa malaria hupewa zahanati au hununua katika duka la dawa muhimu mjini Bariadi, kinatakiwa kuwa na miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Tanzania iliipa dawa hii, ALu, nafasi ya kwanza katika tiba ya malaria isiyo kali mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya vimelea kuizoea dawa ya SP kama vilivyoizoea klorokwini kabla yake. Anayemeza kidonge hicho hana namna ya kujua kwa macho wala kwa ulimi kama viambata vimo, na kama vimo kwa kiasi kilichoandikwa. Hofu ya dawa bandia ina msingi. Mwaka 2009 dawa bandia ya malaria yenye jina la Metakelfin ilikutwa katika maduka 40 ya dawa nchini, na ikathibitika kwamba kiambata kinachotibu hakikufika kiwango. Shirika la Afya Duniani likaitaja katika orodha yake ya mifano ya dawa bandia duniani. Kesi ya namna hiyo huamuliwa na maabara, na maabara huamua kwa kutenganisha: inakitoa kila kiambata peke yake, inakitambua, kisha inakipima. Njia inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni kromatografia. Tunapoisikia habari yake, mara nyingi tunasikia bei ya mashine, mwaka iliponunuliwa na kiongozi aliyeizindua. Hoja ya makala haya ni kwamba jibu la maabara huanza kuwa kweli au kuwa uongo kabla mashine haijawashwa, pale mtaalamu anapochagua kimiminika kitakachoibeba sampuli.

Msingi wa kromatografia ni mwepesi kuueleza. Kuna kitu kisichosogea, ambacho wanakemia hukiita awamu tuli, na kuna kitu kinachopita juu yake au ndani yake, awamu tembezi. Mwanabotania wa Urusi Mikhail Tsvet, aliyekuwa akifanya kazi Warsaw, ndiye aliyeanza kuitumia kwa mpangilio. Mwaka 1903 aliwaeleza wenzake jinsi alivyopitisha rangi za majani ndani ya mrija uliojazwa unga laini, na mwaka 1906 akaipa njia hiyo jina la kromatografia. Awamu tuli aliyoisifu sana ilikuwa unga wa kalsiamu kabonati, na kiyeyushi chake mara nyingi kilikuwa mafuta mepesi yatokanayo na petroli au kaboni disulfidi. Kijani kilichoonekana kimoja kikagawanyika kuwa mikanda ya rangi mbalimbali, kwa sababu kila rangi iliung'ang'ania unga kwa nguvu yake na kuyeyuka kwenye kiyeyushi kwa kadiri yake. Kinachotawala mvutano huo fundi rangi yeyote anakijua: rangi ya mafuta ikikauka mkononi haitoki kwa maji, hutoka kwa mafuta ya taa, na sukari iliyoganda kwenye sufuria haitoki kwa mafuta ya taa, hutoka kwa maji. Molekuli zenye ncha, yaani zenye upande wa chaji chanya na upande wa chaji hasi, hukaa vizuri na zenye ncha wenzao. Zisizo na ncha huenda na zisizo na ncha. Maji yako upande mmoja kabisa wa mstari huo, heksani iko upande wa pili, na katikati zimepangana tolueni, ethili asetati, asetoni, methanoli na asetonitrili.

Ukiishia hapo utadhani kuchagua awamu tembezi ni kutafuta kiyeyushi chenye nguvu ya kutosha na kazi imekwisha. Kiyeyushi kinatakiwa kupatana na pande nne kwa wakati mmoja. Kipatane na sampuli, maana kisipoiyeyusha hakuna cha kubeba. Kipatane na awamu tuli, kisije kikaiharibu au kuivusha sampuli bila kushikwa hata kidogo. Kipatane na kigunduzi, yaani jicho linalosoma kinachotoka. Tena viyeyushi vyenyewe vipatane, kwa kuwa awamu tembezi ni nadra kuwa kitu kimoja, na nyingi ni mchanganyiko wa viwili au vitatu pamoja na chumvi na asidi. Upande mmoja ukikataa, pande tatu zilizobaki haziokoi kitu. Ndiyo maana swali kwamba kiyeyushi bora ni kipi halina jibu mpaka liongezwe: bora kwa sampuli gani, juu ya nini, na kinasomwa kwa jicho lipi? Kidonge kile kile cha mseto kinatosha kulithibitisha hilo, kwa sababu nchini hupimwa kwa njia mbili, na kiyeyushi kinachoheshimika katika njia ya kwanza kingeiharibu ya pili.

Njia ya kwanza ni ya bamba. Mamlaka ya dawa nchini, iliyoitwa TFDA hadi ilipokuwa TMDA mwaka 2019, ilianza miaka ya mwanzo ya 2000 kutumia maabara ndogo ya sandukuni iitwayo Minilab, iliyobuniwa na mfuko wa GPHF wa Ujerumani, ili uchujaji wa awali ufanyike mipakani na mikoani bila kusubiri Dar es Salaam. Kazi yenyewe hufanyika juu ya bamba la alumini la sentimita 5 kwa 10 lililopakwa silika. Mpimaji huchora mstari kwa penseli sentimita moja na nusu kutoka chini. Hutumia penseli kwa sababu wino wa kalamu nao ungeyeyuka na kupanda. Juu ya mstari huweka matone madogo: dawa inayotiliwa shaka, na pembeni yake dawa halisi ya rejea, moja ya asilimia 100 na nyingine ya asilimia 80. Bamba husimamishwa ndani ya chombo kilichofunikwa chenye kiyeyushi kidogo chini, na kiyeyushi hupanda chenyewe kama mafuta yapandavyo kwenye utambi. Kwa mseto, kiyeyushi hicho ni mchanganyiko wa ethili asetati, tolueni na asidi asetiki. Kila kimoja kina sababu ya kuwepo. Silika ina ncha nyingi na asili ya uasidi, na lumefantrini ni besi, hivyo bila asidi ya kushindana nayo ingeng'ang'ania na kuacha mkia mrefu badala ya doa la mviringo. Tolueni hupunguza kasi ili artemetha isikimbilie juu kabisa. Ethili asetati huongeza nguvu ya kuibeba.

Bamba likishapanda hutolewa na kukaushwa, na hapo ndipo jambo kubwa hutokea: kiyeyushi chote huondoka hewani kabla ya mtu kutazama chochote. Chini ya taa ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, bamba hung'aa kijani na lumefantrini huonekana kama doa jeusi. Artemetha haionekani, kwa kuwa karibu hainyonyi mwanga huo. Kwa hiyo bamba huchovywa kwenye asidi sulfuriki iliyochanganywa na methanoli, hupashwa joto, na doa lake hujitokeza kwa rangi. Doa la sampuli likiwa hafifu kuliko lile la asilimia 80, au likisimama mahali pasipo pake, dawa inapata swali na sampuli inapelekwa kwenye maabara kamili. Tolueni na ethili asetati nazo hunyonya mwanga wa urujuanimno kwa wingi, ila hapa hazidhuru kwa kuwa zimeshatoweka. Katika njia ya bamba, upande wa kigunduzi hausumbui sana, na mchaguzi ana uhuru mpana.

Uhuru huo unaisha sampuli inapofika kwenye mashine ya kromatografia ya kimiminika yenye shinikizo kubwa. Humo awamu tembezi husukumwa na pampu kupitia mrija wa chuma, koluma, uliojazwa chembe ndogo za silika zilizovikwa minyororo ya kaboni 18 ili uso wake usiwe na ncha. Kinachotoka upande wa pili hupita moja kwa moja mbele ya kigunduzi, kiyeyushi na dawa kwa pamoja. Artemetha inasomeka tu kwenye mwanga mfupi sana, wa nanomita 210 hivi. Ethili asetati hufumba njia ya mwanga wowote ulio chini ya nanomita 256 hivi, na tolueni chini ya 285. Ukizipitisha hapo, kigunduzi kitakuwa kinatazama ukuta, na artemetha itapita bila kuonekana hata kidonge kikiwa kizima kabisa. Methanoli huanza kupitisha mwanga karibu na nanomita 205, hivyo kwa 210 iko mlangoni kabisa. Asetonitrili hupitisha mwanga hadi nanomita 190, na ndiyo iliyochaguliwa katika njia ya Famakopia ya Kimataifa, kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha viwango vya dawa, kwa vidonge hivi. Hata asidi asetiki, iliyosaidia sana kwenye bamba, inanyonya mwanga kwenye nanomita 210, na nafasi yake imechukuliwa na fosfeti, ambayo hainyonyi. Artemetha husomwa kwanza kwenye 210, kisha kigunduzi huhamishiwa 380 kuisubiri lumefantrini, ambayo yenyewe ina rangi na hunyonya mwanga huko ambako kiyeyushi hakina neno.

Fosfeti hiyo ina kazi nyingine kubwa kuliko kutoonekana. Lumefantrini ni molekuli kubwa inayopenda mafuta na yenye kundi la amini, na amini hubadilika kulingana na uasidi wa mahali ilipo: kwenye asidi hubeba chaji, kwenye besi huiacha. Ikiwa katikati, nusu yake ina chaji na nusu haina. Hapo inasafiri kwa kasi mbili kwa wakati mmoja, na kilele chake kwenye grafu inayochorwa na kigunduzi huwa kipana na chenye mkia, kiasi kwamba kukipima kwa usahihi ni kubahatisha. Famakopia inaweka pH, yaani kipimo cha uasidi, ya 2.3. Huo ni uamuzi wenye hesabu. Lumefantrini yote huwa na chaji, maeneo ya silika yasiyovikwa hupoteza nguvu ya kuikamata, na asidi fosforiki, ambayo hatua yake ya kwanza ya kuachia hidrojeni iko karibu na pH 2.1, huweza kuushikilia uasidi huo usiyumbe. Kisha huongezwa heksanisalfoneti, molekuli yenye mkia wa kaboni sita na kichwa chenye chaji hasi, ambayo huungana na lumefantrini na kuipa namna ya kushikwa na koluma kwa kiasi. Zaidi ya hapo kuna ukuta: koluma nyingi za silika huvumilia pH kuanzia 2 hadi 8. Ukiteremsha pH zaidi, asidi huanza kuvua minyororo ya kaboni. Ukipandisha juu ya 8, silika yenyewe huanza kuyeyuka. Aliyeandika 2.3 alikuwa akitembea kwenye njia nyembamba kati ya mahitaji ya dawa na uvumilivu wa koluma, na mpimaji asiyeijua sababu hataona hatari ya kuandaa bafa, yaani mchanganyiko huo wa fosfeti, kwa kukadiria.

Upande wa nne, wa viyeyushi kupatana vyenyewe kwa vyenyewe, ndio unaogharimu maabara fedha nyingi kwa kosa dogo. Heksani haichanganyiki na maji, jambo ambalo kila mtu analitarajia, lakini pia haichanganyiki vizuri na asetonitrili, na ikikutana na methanoli kwenye joto la kawaida huchanganyika kwa kiasi tu. Mtu akiitoa mashine kwenye kazi ya heksani na kuiingiza moja kwa moja kwenye kazi ya maji na asetonitrili, ndani ya mirija hujengeka matone yasiyoungana, shinikizo huyumba, na grafu huchezacheza kwa saa nyingi. Dawa yake ni kupitisha isopropanoli katikati, kwa sababu hupatana na pande zote mbili. Chumvi ni hatari zaidi. Fosfeti huyeyuka vizuri kwenye maji na vibaya kwenye asetonitrili, na mchanganyiko ukifika asilimia 70 au 80 ya asetonitrili, fosfeti ya potasiamu inaweza kuganda kama chembe za mchanga mweupe. Chembe hizo hukwangua vizibo vya pampu na kuziba mdomo wa koluma. Fundi huona maji yakivuja na shinikizo likipanda, akadhani mashine imechoka, kumbe imelishwa chumvi. Kinga ni ya bei ya chini: kujaribu mchanganyiko mkali kabisa kwenye chupa ya kioo kabla ya kuupeleka kwenye pampu, na mwisho wa kazi kusafisha kwanza kwa maji yenye asetonitrili kidogo isiyo na chumvi, ndipo kupandisha asetonitrili. Sampuli nayo iko chini ya sheria hiyo. Artemetha na lumefantrini hazipendi maji, hivyo vidonge huyeyushwa kwa msaada wa propanoli na asetonitrili. Ukizidisha ukali wa kiyeyushi cha sampuli kuliko awamu tembezi, kilele hupasuka. Ukikiacha dhaifu mno, dawa huganda mdomoni mwa koluma na kipimo kusema kidonge kina upungufu kisichokuwa nao.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya nguvu peke yake haiwezi kulieleza. Mkemia Lloyd Snyder wa Marekani alionyesha mwaka 1974 kwamba viyeyushi hutofautiana pia kwa tabia: kipo kinachopenda kutoa hidrojeni, kipo kinachopenda kuipokea, na kipo kinachovuta kwa ncha zake tu. Mchanganyiko wa methanoli asilimia 50 na maji una nguvu inayokaribiana na ule wa asetonitrili asilimia 40, na wastani wa muda wa kutoka unaweza kulingana. Mpangilio wa vitu vinavyotoka, hata hivyo, unaweza kubadilika, na viwili vilivyokuwa vimepandana kwenye methanoli vikaachana kwenye asetonitrili. Kwa hiyo viambata viwili vikikataa kutengana, kuongeza au kupunguza nguvu mara nyingi huvisogeza vyote pamoja, na mtaalamu mzoefu huanza kwa kubadili aina ya kiyeyushi. Hata hapo hesabu ya upatanifu inarudi: methanoli ni ya bei ya chini, lakini ikichanganywa nusu kwa nusu na maji mnato wake huwa karibu mara mbili ya maji yenyewe, na pampu lazima isukume kwa nguvu zaidi. Hakuna badiliko la bure.

Tuache dawa za binadamu, tuangalie shambani, kwa sababu Simiyu, iliko Bariadi, ni mkoa wa pamba na pamba hupuliziwa viuatilifu. Tuchukue sampuli moja ya udongo au maji ya kisima karibu na shamba. Anayetaka kujua kama ina sumu anaweza kuwa anafikiria sipamethrini, inayotumika dhidi ya funza wa vitumba, au dawa ya magugu ya glaifosati. Sipamethrini huyachukia maji kabisa, hivyo kwenye koluma ya kaboni 18 itaking'ang'ania kitanda na kukataa kutoka mpaka asetonitrili iwe nyingi, na yapo maabara yanayoipima kwa gesi badala ya kimiminika. Glaifosati ni kinyume chake: ina chaji, inapenda maji, na kwenye koluma hiyo hiyo itatoka na tone la kwanza bila kushikwa. Juu ya hapo hainyonyi mwanga wa urujuanimno, hivyo hata ikitoka haionekani, mpaka ibadilishwe kwanza kwa kemikali au ipelekwe kwenye koluma ya aina nyingine. Hakuna awamu tembezi moja ya kawaida itakayozipima zote mbili vizuri. Sasa fikiria cheti kilichoandikwa "haikuonekana" bila kueleza njia iliyotumika. Kwa sipamethrini maneno hayo yanaweza kuwa ushahidi wa maana. Kwa glaifosati yanaweza kumaanisha tu kwamba hakuna aliyeitafuta mahali inapopatikana. Mkulima anayesoma neno lile lile hawezi kuzitofautisha, na ndipo tatizo la kiyeyushi linapotoka maabara na kuwa tatizo la umma.

Pingamizi la kwanza linakuja haraka: famakopia imeshaandika kila kitu, kuanzia gramu za chumvi hadi urefu wa koluma, kwa hiyo mpimaji afuate na asijifanye mgunduzi. Ni kweli kwamba katika dawa, kufuata njia iliyothibitishwa ni wajibu, na kesi mahakamani haiwezi kusimama juu ya ubunifu wa mtu mmoja. Lakini famakopia yenyewe haimwamini mfuasi kipofu. Kabla ya kukubali matokeo, inadai mfumo upimwe kwanza kwa dawa ya rejea ili kuona kama vilele vinatengana inavyopasa, na inaruhusu marekebisho fulani yenye mipaka pale vinaposhindwa. Kipimo hicho kikikataa, nani ataamua kama kosa liko kwenye pH, kwenye koluma mpya ya kiwanda kingine, au kwenye chupa ya asetonitrili iliyokaa wazi? Kitabu hakiwezi kuwepo chumbani asubuhi hiyo. Vilevile, njia iliyoandikwa imetungwa kwa kidonge halisi. Mtengenezaji wa bandia hakusoma famakopia, na anaweza kuweka kitu ambacho chini ya masharti hayo kitatoka pamoja na artemetha na kujifanya ndiyo yenyewe. Anayeelewa kwa nini kila kiyeyushi kiko pale ndiye atakayeshtuka kilele kinapokuwa na umbo lisilo lake.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenda teknolojia: mashine za kisasa zinapima uzito wa molekuli moja moja, basi utenganishaji hauna umuhimu tena, na anayeshindwa kuchagua mchanganyiko mmoja aanze na dhaifu na kuupandisha taratibu mpaka mkali. Mashine hizo ni jicho zuri ajabu, lakini ni jicho lenye masharti makali kuliko la mwanga. Fosfeti haigeuki mvuke, hivyo hujenga ukoko mlangoni mwake. Heksanisalfoneti huzima ishara za vitu vingine na husumbua kuisafisha. Njia nzima ya mseto niliyoieleza, inayofaa kabisa kwa mwanga, haifai kupelekwa huko kama ilivyo, na lazima ifikiriwe upya kwa asidi fomiki au chumvi za amonia zinazoruka hewani. Isitoshe, uzito hautofautishi vitu vyenye uzito mmoja. Artemetha ina pacha wake wa alfa, wenye atomi zile zile kwa idadi ile ile. Endosalfani, kiuatilifu kilichotumika sana katika pamba duniani mpaka Mkataba wa Stockholm ulipoamua mwaka 2011 kiondolewe, ina alfa na beta. Mapacha hawa hutenganishwa na koluma na kiyeyushi, na mizani ya molekuli huwaona kama mtu mmoja. Kuhusu kupandisha ukali taratibu, mbinu hiyo ni nzuri na hutumika kila siku, ila ndiyo hasa inayoipeleka fosfeti kwenye eneo la kuganda, na inadai koluma irudishwe katika hali yake ya mwanzo kabla ya sampuli inayofuata. Haifuti uchaguzi. Inaufanya uwe wa hatua nyingi.

Msomaji wa Bariadi anaweza kuongeza pingamizi la tatu: mashine hizo ziko Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, hayo yananihusu nini? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kidonge kilichochukuliwa dukani kwake huhukumiwa na chaguo linalofanywa huko. Pili, uchujaji unaoweza kufanyika karibu naye ni wa bamba, na bamba huathirika na hali ya mahali kuliko mashine iliyo kwenye chumba chenye kiyoyozi. Ethili asetati huchemka kwenye nyuzi 77 za Selsiasi na tolueni kwenye 111. Mchana wa joto la nyuzi 30, mchanganyiko ulioachwa bila kufunikwa hupoteza ethili asetati kwanza, nguvu yake hupungua, na madoa husimama chini kuliko yalivyosimama asubuhi. Msimu wa mvua silika hunyonya unyevu wa hewa na kushika vitu kwa namna nyingine. Ndiyo maana dawa ya rejea lazima ipande kwenye bamba lile lile, na kiyeyushi kiandaliwe kipya, hata kama kilichobaki jana kinaonekana kisafi. Kisha kuna upatikanaji. Asetonitrili ni zao la ziada la viwanda vya akrilonitrili. Uchumi wa dunia ulipoyumba mwaka 2008 na viwanda hivyo kupunguza uzalishaji, bei ilipanda na maabara duniani kote yakahangaika hadi mwaka 2009, yale yenye fedha pia. Waliojua kemia ya viyeyushi walihamisha kazi zao kwenye methanoli pale jicho lilipowaruhusu. Hapa nchini ethanoli hutengenezwa kutokana na molasi ya miwa. Ikisafishwa kwa kiwango cha maabara inaweza kushika baadhi ya kazi za methanoli, ikiwa na mnato mkubwa zaidi lakini sumu ndogo zaidi na mabaki yasiyoumiza kichwa sana kuyatupa. Huwezi kufanya hesabu hiyo kama kiyeyushi kwako ni mstari wa kununulia tu.

Kutokana na yote haya, mambo matatu yanafuata, na hakuna linalosubiri mashine mpya. Cheti cha maabara kinachosema kitu kimeonekana au hakikuonekana kinatakiwa kitaje koluma, awamu tembezi, kigunduzi na kiwango cha chini kinachoweza kupimwa, kwa sababu bila hayo jibu halina mipaka na haliwezi kurudiwa na mtu mwingine. Bajeti ya maabara ya mkoa au kanda ipange fedha za viyeyushi vya daraja linalofaa, za dawa za rejea na za mafunzo ya anayevichanganya, kabla ya kuandika bei ya mashine, maana mashine isiyo na hayo hutoa namba zenye desimali nyingi na maana ndogo. Na halmashauri, chama cha ushirika au mwenye kiwanda cha kuchambua pamba anayelipia kipimo ana haki ya kuuliza swali moja la ziada kabla ya kupokea bahasha: kiyeyushi mlichotumia kingeweza kukionyesha hiki ninachokiogopa? Mtaalamu anayejua kazi yake atalijibu kwa dakika chache, akitaja sampuli, koluma na kigunduzi chake. Asiyeweza kulijibu hajamaliza kupima, hata kama karatasi imeshagongwa muhuri.